Mti wa uani nao huhitaji mlezi

Msafiri atokaye Kitale kuelekea Bungoma, akipitia Kiminini, Kamukuywa na Webuye, hawezi kukosa kuona jinsi wakazi wa pande hizi wanavyopenda kuzungushia maboma yao ua wa miti. Aghalabu mti huo ni saipresi. Ukikatwa vyema, ua wake huwa kama ukuta wa kijani: huzuia upepo na vumbi, huificha nyumba machoni pa wapita njia na, zaidi ya yote, huonyesha pale shamba la mtu linapokoma na la mwenzake linapoanzia. Kwa hiyo ua unapokufa haipotei miti peke yake. Ujirani nao huingia mashakani.

Nasema haya kwa kuwa yalinifika mimi mwenyewe. Kiangazi kimoja ua wa nyumbani kwangu Kitale ulianza kugeuka rangi ya kahawia. Ulianzia ndani ukaja nje, na kabla ya mvua za Machi kunyesha, kipande cha hatua ishirini hivi kilikuwa kimekauka kabisa. Upande wa pili wa kipande hicho anaishi mzee mmoja aliyekuwa na mazoea ya kumwaga majivu na maji machafu karibu na ua. Sikuuliza, nilihukumu. Nilimwendea nikamwambia kwamba ameniulia miti ili asogeze mpaka. Mzee yule alinitazama kwa muda, kisha akasema, "Mwanangu, miche ya ua huu niliibeba kwa mikono yangu kabla wewe hujanunua ploti hii. Ningeiua kwa faida ya nani?"

Afisa wa misitu niliyemwita hakuyatazama majivu wala mpaka. Alivunja kitawi kutoka ndani ya ua, akakigeuza, akanionyesha wadudu wadogo wa rangi ya kahawia waliojipanga kwenye gamba kama punje za wimbi. Walikuwa vidukari wa saipresi. Majani ya chini yao yalinata kwa maji ya sukari wanayoyatoa, na juu ya unato huo ulikuwa umeota ukungu mweusi kama masizi. Sisimizi walipanda na kushuka wakifuata utamu. Dalili zote hizo zilikuwapo kwa muda mrefu. Aliyekosekana ni wa kuzitazama. Jioni ile nilirudi kwa jirani yangu kuomba radhi, na sijapata kutembea hatua chache zilizokuwa ndefu kama zile.

Mdudu huyo ana historia ambayo kila mwenye ua angepaswa kuijua. Saipresi si mti wa kwetu. Asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati, nao uliletwa Kenya mwanzoni mwa karne ya 20 kwa ajili ya mbao. Walowezi wa Trans Nzoia waliupanda safu kwa safu kuyakinga mashamba yao na upepo, na wananchi waliorithi mashamba hayo wakaupenda pia. Mti ukastawi bila adui. Kisha mwaka 1986 kidukari huyo aligunduliwa Malawi, na kufikia mwaka 1990 alikuwa ameingia Kenya. Jike lake huzaa bila kuhitaji dume, na wale wenye mabawa huchukuliwa na upepo kutoka boma hadi boma. Nyua zikakauka kutoka nyanda za juu za kati hadi Bonde la Ufa na Magharibi.

Katika miaka ya 1990 watafiti wa misitu, wakiwemo wale wa taasisi ya KEFRI iliyoko Muguga, waligeukia adui wa adui yetu: nyigu mdogo kutoka Ulaya ambaye hutaga yai ndani ya kidukari, na kiluwiluwi chake kikamla mwenyeji wake akiwa hai. Balaa ilipungua, lakini mdudu hakuhama. Hungoja kiangazi, mti unapokosa maji na nguvu, ndipo huongezeka.

Wala jambo hili si la Afrika pekee. Mashariki mwa Marekani kuna mti uitwao hemloki, unaopendwa kwa ua wa nyumbani kama sisi tunavyopenda saipresi. Mdudu mdogo mwenye manyoya meupe kama pamba, aliyetoka Japani, alionekana kule karibu na Richmond, Virginia, mwaka 1951. Tangu hapo ameua hemloki zisizohesabika, misituni na majumbani. Mwenye nyumba wa kule akiulizwa, hujibu kama nilivyojibu mimi: niliona majani yanabadilika, nikadhani ni jua.

Basi mwenye ua afanye nini? Kwanza, autazame kwa ndani. Kila majuma machache, hasa kiangazi, afunue matawi na kutafuta unato, masizi na sisimizi. Pili, akate matawi yaliyoshambuliwa mapema na kuyateketeza mbali na ua. Tatu, aanze kuupogoa ua ungali mchanga, maana samaki mkunje angali mbichi. Saipresi iliyoachwa ikarefuka, kisha ikakatwa hadi kwenye mti mkavu usio na majani, haichipui tena hapo. Sehemu ya chini iachwe pana kuliko ya juu ili jua lifike kote. Nne, aweke matandazo shinani na kuimwagilia miche maji wakati wa ukame, kwani mti wenye kiu ndio wa kwanza kuliwa. Dawa ya kunyunyizia iwe ya mwisho, tena kwa ushauri wa mtaalamu, kwa sababu haibagui: humuua kidukari na nyigu anayemla.

La tano ndilo kubwa. Tusipande mti wa aina moja tu. Somo hili nililipata nyumbani kwetu Bungoma, ambako nilikwenda baada ya mkasa wangu nikiwa na nia ya kukagua ua wa mama. Bungoma iko chini kuliko Kitale kwa takriban mita 500, na joto lake ni kubwa zaidi, hivyo saipresi huko si mwenyeji hodari. Nilikuta michache imekauka, lakini ua ulikuwa haujafunguka. Katikati yake mama alikuwa amechomeka kayaba yenye miiba, mnyaa, na ule mti wa maua ya manjano ambao Waluhya huuita lusiola, unaochipua kila ukatwapo na kutoa fito za kuegemezea migomba. Nilipomsifu, alicheka. "Ulidhani nitamwachia mlinzi mmoja boma zima?" akaniuliza.

Hapo ndipo nionapo kasoro ya kampeni zetu za miti. Serikali ilitangaza mwaka 2022 lengo la kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032, na tarehe 13 Novemba 2023 taifa zima lilipewa siku ya mapumziko ili lipande. Nia ni njema, nami siibezi. Lakini kupanda ni kazi ya asubuhi moja. Kutunza ni kazi ya miaka. Kwenye sherehe huhesabiwa miche iliyotiwa ardhini. Ningependa machifu na maafisa wa kaunti warudi baada ya misimu miwili wahesabu iliyo hai, na wamuulize kila mwenye boma swali moja tu: mara ya mwisho kuutazama mti wako ni lini?

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nilijenga: pale palipokauka sasa pana mabati, na mzee jirani yangu hupita hapo kila siku bila kusema neno. Mbele ya mabati hayo nimepanda kayaba na lusiola. Miche mitatu ya kwanza alinipa yeye.