Ada ya Ufundi kwa Waliobaki Kijijini: Tuma kwa Mafungu Matatu

Wengi wetu hapa Pinetown tunatuma hela nyumbani kila mwisho wa mwezi, nayo inaishia kwenye unga, sukari na daftari za watoto. Si vibaya, watu lazima wale. Lakini siku kibarua kikiota nyasi, huku kunakauka na kule kunakauka. Ndiyo maana tunaulizana: mama watoto, au dada aliyebaki kijijini, akisomea ufundi si naye ataingiza chake? Ataingiza, ila kuna namna.

Kwanza, chagueni kozi kwa kuangalia wateja. Mji huu una somo. Viwanda vya nguo vya Pinetown na New Germany viliwahi kuajiri maelfu, na wafanyakazi wake walikuwemo kwenye mgomo mkubwa wa Durban wa 1973. Baadaye nguo rahisi kutoka nje zilipojaa, viwanda vingi vikafungwa. Kiwandani kazi imegawanywa: anayeshona kola anashona kola tu. Ujuzi wa namna hiyo haufungui duka kijijini. Fundi wa kijijini anatakiwa apime, akate, ashone, amalizie na apange bei mwenyewe. Kwa hiyo ulizeni chuo: je, anafundishwa kukata?

Pili, mjue pa kwenda. Tanzania kuna vyuo vya VETA, pia Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilivyoanza 1975, vingi vikiwa vijijini. Kama tayari anashona kwa kujifunzia mtaani, VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi: anapimwa, akifaulu anapata cheti bila kuanza moja. Kenya, vyuo vya ufundi vya vijijini viko chini ya kaunti.

Tatu, hela. Igawe hivi:

Fungu la kwanza ni ada. Chuo cha serikali Tanzania kinatoa namba ya malipo. Mwambie akutumie hiyo, na ada iende chuoni moja kwa moja. Usisahau nauli, na mtu wa kumshikia mtoto.

Fungu la pili ni cherehani. Anza kuiwekea akiba siku anayoanza kozi, siyo siku anayomaliza. Fundi asiye na cherehani anakaa mwaka mzima, mkono unasahau. Risiti iandikwe jina lake, siyo la kaka wala shemeji.

Fungu la tatu ni mtaji: vitambaa, nyuzi, sindano, na kodi ya kibaraza. Ikiwezekana amalize kozi kabla ya Januari, maana sare za shule ndizo zinazomletea fundi mgeni wateja wa mwanzo.

Wewe unayefanya kazi za ndani Kloof au Westville, na wewe wa saiti, huenda mshahara hautoshi mafungu yote kwa mkupuo. Tumia miezi, hata mwaka. Afadhali kozi ianze mwakani ikiwa na cherehani nyuma yake kuliko ianze leo na cheti kiishie sandukuni.

Neno la mwisho ni letu tunaotuma. Akianza kupata, tusimdai hesabu kila wiki wala tusikate ghafla hela ya chakula. Mpe muda biashara isimame. Ajiunge na VICOBA au chama, akaunti iwe yake. Tukishika faida yake, tutakuwa tumemwajiri tu, hajajitegemea.