Hesabu ya Mvua: Usidanganywe na Mwaka Mmoja



Ukiuliza barazani Kwa Vonza kama mvua ya nthwa ni nyingi au ni chache, utapata majibu kwa kadiri ya watu walioketi. Mzee atakumbuka mwisho wa mwaka 1961, jinsi mito ilivyofurika. Mwingine atataja mwaka 1997, mwaka wa El Niño. Kijana atasema 2019. Naye aliyepoteza ng'ombe atakusimulia ukame wa 1984, au ule ulioanza mwisho wa 2020 na kuendelea hata mapema mwaka 2023, ambapo majira matano yalifuatana bila mvua ya kutosha katika sehemu nyingi kavu za nchi yetu. Wote wasema kweli, lakini hakuna hata mmoja wao awezaye kukuambia upande mahindi eka ngapi na mtama eka ngapi.

Jambo hili lawahusu zaidi ninyi mlio katika mashamba ya skimu. Katika miaka ya 1940, kichaka chenye mbung'o kilipofyekwa kule Makueni ili watu wapate mashamba, wengi walihamia kutoka milima ya Machakos, nao walikuja na desturi za milimani. Mvua ya uwandani si mvua ya mlimani. Mtu aliyehamia hana babu aliyelima katika udongo ule ule, wa kumwambia habari za miaka iliyopita. Hana budi basi kujiwekea kumbukumbu yake mwenyewe, na kumbukumbu hiyo ni daftari.

Kupima mvua si kazi ngumu. Kipimamvua huwekwa mahali pa wazi, mbali na miti na nyumba, nacho husomwa kila siku saa tatu asubuhi, saa ile ile wanayosoma watu wa Idara ya Hali ya Hewa. Ukisoma milimita moja, maana yake kila mita moja ya mraba ya shamba lako imepata lita moja ya maji. Paa la bati lenye upana wa mita tano na urefu wa mita sita hupata lita thelathini kwa milimita hiyo moja, na mama mwenye tangi ataifahamu hesabu hii upesi kuliko mwenye shamba!

Mwisho wa majira jumlisha yote. Nthwa iwe na ukurasa wake, na uua uwe na ukurasa wake, wala usizichanganye, kwa sababu katika Ukambani nthwa ndiyo mvua ya kutegemewa zaidi, na uua mara nyingi hutuacha njiani. Ikiwa nthwa imeanza Oktoba na kumalizikia Januari, iandike yote chini ya mwaka ilipoanza.

Sasa tuje kwenye hesabu yenyewe. Wataalamu huiita wastani unaosogea. Chukua majira matano yaliyofuatana, jumlisha, gawanya kwa tano. Mwaka ujao ukiisha, ondoa ule wa zamani kabisa, ongeza huu mpya, kisha gawanya tena kwa tano. Ni kama foleni ya watu watano mbele ya duka: mmoja akiingia nyuma, wa mbele hutoka. Kwa njia hiyo mwaka mmoja wa ajabu haupigi kelele peke yake, nawe waona kama mambo yanapanda au yanashuka.

Tutumie mfano. Namba hizi nimezitunga kwa ajili ya mafundisho tu, si za kituo chochote. Nthwa ya mwaka wa kwanza ni milimita 310, ya pili 180, ya tatu 420, ya nne 150, ya tano 240. Jumla ni 1,300, na wastani ni 260. Mwaka wa sita yaja gharika, milimita 560. Toa 310, ongeza 560, wapata 1,550, na wastani wapanda kuwa 310. Mwaka wa saba ni 130, na wastani ni 300. Wa nane ni 170, wastani 250. Wa tisa ni 120, wastani 244. Wa kumi ni 190, wastani 234.

Simama hapo kidogo utazame. Tangu gharika ile umekuwa na miaka minne mfululizo ambayo hakuna hata mmoja uliofika milimita 200, na bado wastani wako wasema 234. Ni ule mwaka wa gharika uliomo ndani ya foleni, unawabeba wenzake mgongoni. Mwaka wa kumi na moja waja na milimita 200, ambazo ni nyingi kuliko za miaka minne iliyotangulia. Lakini siku hiyo 560 inatoka kwenye foleni, na wastani waanguka hata 162. Mvua imeongezeka na wastani umeshuka! Asiyejua sababu atadhani hesabu imekosewa.

Dawa yake ni kutazama namba ya katikati pamoja na wastani. Panga zile tano kutoka ndogo hata kubwa, ushike ya tatu. Kwa mwaka wa sita hata wa kumi ni 120, 130, 170, 190, 560. Ya katikati ni 170. Kwa mwaka wa saba hata wa kumi na moja ni 120, 130, 170, 190, 200, na ya katikati ni 170 vile vile. Haikudanganywa na gharika wala haikushtuka gharika ilipotoka. Tena, ukirudi nyuma na kupiga hesabu ya mwaka wa nne hata wa nane, utaona ilikwisha kushuka kutoka 240 hata 170 wakati ule, ilhali wastani ulikuwa bado unasema 250. Mkulima aliyesikiliza wastani peke yake angeweza kupanda shamba zima mahindi ya kukawia kukomaa. Yule aliyetazama namba ya katikati angepanda mahindi ya Katumani, yakomaayo kwa miezi mitatu hadi minne, na sehemu kubwa akaiacha kwa mtama, ndengu, kunde na mbaazi. Tofauti kati ya wawili hawa ni ghala tupu.

Siku hizi simu au kompyuta itakufanyia hesabu hii, kwa programu ya jedwali. Huko Kwa Vonza, kando ya barabara ya Machakos kwenda Kitui, pana Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, na vijana wengi wa jirani waijua kazi hii. Mwombe mmoja akuonyeshe. Andika miaka katika safu A na milimita katika safu B, ukianza mstari wa pili. Katika kisanduku C6 andika =AVERAGE(B2:B6), na katika D6 andika =MEDIAN(B2:B6). Kisha shika vile visanduku viwili uvivute kwenda chini, na mashine yenyewe itasogeza foleni mstari kwa mstari. Mistari minne ya kwanza itabaki mitupu, nayo ni sawa, kwa kuwa huwezi kupata wastani wa miaka mitano kabla hujatimiza miaka mitano.

Mashine ni mtumishi mtiifu mno, na hapo ndipo hatari ilipo. Ukiacha kisanduku kitupu, yenyewe itaruka kimya kimya na kugawanya kwa nne. Ukiandika 0 itaihesabu na kugawanya kwa tano. Basi majira ambayo hayakupimwa yaache matupu, uweke alama pembeni, lakini majira yaliyopimwa na mvua isinyeshe kabisa andika 0. Nimeona daftari la mtu aliyejaza 0 kila siku aliyosafiri kwenda kwenye harusi na matanga; kwa daftari hilo jirani yake ana mvua na yeye ana jangwa. Kadhalika, kabla ya kuvuta, hakikisha miaka imepangwa kwa kufuatana. Ukiwa umepanga jedwali kwa wingi wa mvua, mashine itakupa namba nzuri zisizo na maana yoyote.

Kuna onyo moja zaidi. Ukichora mstari wa wastani huo kwenye karatasi, utaona mawimbi, yakipanda na kushuka, nawe utatamani kusema mvua kubwa huja kila baada ya miaka saba. Mwaka 1927 mtaalamu wa hesabu aitwaye Eugen Slutsky, aliyekuwa akifanya kazi Moscow, alichukua namba za bahati nasibu ya serikali, ambazo hazina mpango wowote, akazijumlisha kwa namna hii ya kusogea. Yakatokea mawimbi mazuri kabisa, kana kwamba namba zile zilikuwa na majira yake. Wimbi lilizaliwa na hesabu, halikuwamo katika bahati nasibu. Kwa hiyo wastani utumie kujua ulipotoka na ulipo, usiufanye mganga wa mwaka ujao. Habari za majira yanayokuja zitafute katika utabiri utolewao na Idara ya Hali ya Hewa kabla ya kila msimu.

Wala usiutumie kukadiria akiba ya chakula. Hakuna mtoto anayekula wastani. Kwa ghala, tafuta katika safu B ile namba ndogo kuliko zote, na ile inayoifuata, ujiulize kama zikija zote mbili mfululizo nyumba yako itakula nini mpaka mavuno. Mwenye daftari changa la miaka miwili au mitatu asikate tamaa. Aende ofisi ya kilimo aulize rekodi za kituo kilicho karibu naye, aziandike katika safu yake ya pembeni, si ndani ya safu ya shamba lake, na kila mwisho wa nthwa alinganishe hizo mbili.