Ng'ombe Apigaye Pembe na Mlevi Aliyeshika Usukani



Mvua zikishika huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, msimu wa ulanzi huanza. Watu wa Iringa hukata ncha ya chipukizi la mwanzi, huliwekea mbeta, na kukinga maji yake asubuhi na jioni. Ulanzi wa siku ile ile ni mtamu. Ukilala siku moja au mbili huchacha, ukawa mkali. Mbeya nako kuna kimpumu, na mahali pengi kuna komoni ya mahindi. Vinywaji hivi tumevirithi kwa wazee wetu. Kwavyo walilipana kazi ya shamba, walipatana baada ya ugomvi, na walipokea wakwe. Leo hatuandiki ili kuwatukana wazee. Twataka kuuliza neno moja tu: mtu aliyekwisha kunywa, ameshika nini mkononi?

Wamishonari wa Kimoravian walipofika Rungwe mwaka 1891, katika nchi hii hapakuwa na motokaa hata moja. Mlevi alirudi kwake kwa miguu. Akipotea njia, alilala majanini mpaka asubuhi. Akianguka shimoni, aliumia mwenyewe. Aibu ilikuwa yake, na kidonda kilikuwa chake. Lakini leo njia kuu yatoka Dar es Salaam, yapanda mlima wa Kitonga kwa kona kali, yapita Iringa, Mafinga na Makambako, yafika Mbeya, kisha yaendelea mpaka Tunduma. Malori na mabasi hupita humo mchana na usiku, na siku nyingi ukungu huifunika njia. Mbeya kuna miteremko ya Iwambi na Igawilo, ambayo hata dereva asiyekunywa kitu huishuka kwa hofu. Vijijini nako vijana wetu huchukua watu kwa pikipiki. Mlevi wa leo ni yule yule wa zamani, ila akianguka sasa haanguki peke yake. Huanguka na mama aliyempakia nyuma, au na abiria wote wa basi.

Wenye kusoma Maandiko wataikumbuka hukumu ya ng'ombe katika kitabu cha Kutoka, sura ya 21. Ng'ombe akimpiga mtu pembe akamwua, na hakuwa na desturi hiyo, mwenye ng'ombe hana hatia. Lakini ikiwa ng'ombe yule alijulikana tangu zamani kuwa mkali, na mwenyewe akaonywa, wala hakumfunga, basi damu ile ni juu yake. Tazameni hekima yake. Hatia ya mtu huyu haikuanza saa ile pembe ilipoingia. Ilianza siku alipojua asimfunge.

Sheria za serikali zafuata njia hiyo hiyo. Uingereza, mwaka 1872, kabla ya motokaa kuenea, ilikwisha kuwa kosa mtu kulewa barabarani naye ana gari la kukokotwa, farasi, ng'ombe au mashine ya mvuke. Norway iliweka kipimo cha kileo katika damu ya dereva mwaka 1936. Kwetu Tanzania, Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 yakataza mtu kuendesha hali amelewa, nayo imeweka mpaka: miligramu 80 za kileo katika mililita 100 za damu. Aliyevuka mpaka huo ana kosa, hata kama hajamgonga mtu wala kuku. Polisi wana chombo cha kupimia pumzi, na mahakama yaweza kumtoza faini, kumfunga, au kumwondolea leseni. Mwenye pikipiki asidhani kwamba sheria hii ni ya wenye mabasi tu. Naye pia ni dereva.

Tena kuna wasemao, "Nilikuwa nimelewa, sikujua nifanyalo." Kanuni ya Adhabu, iliyoanza kutumika mwaka 1945, yasema kwamba ulevi hauwi udhuru wa kosa, isipokuwa kwa mambo machache, kama vile mtu aliyeleweshwa na mwenziwe kwa hila bila kujua. Aliyeinua kikombe kwa mkono wake mwenyewe amekwisha kuchagua. Na kwa habari ya wauzaji, Sheria ya Vileo ya mwaka 1968 yawataka wawe na leseni na wafuate saa zilizowekwa. Sheria ya mwaka 1966 ilikataza kuchemsha moshi, yaani gongo, pasipo leseni. Na tarehe 1 Machi 2017 serikali ilipiga marufuku vile vifuko vidogo vya pombe viitwavyo viroba, ambavyo vijana wengi walivitia mfukoni kama peremende.

Sasa sikilizeni jambo moja ambalo wengi hawalijui. Mtu akinywa usiku, hudhani kwamba usingizi umemsafisha. Sivyo. Ini ndilo liondoalo kileo, nalo lina mwendo wake: kwa watu wengi hupunguza kiasi cha miligramu 15 hivi kwa saa katika kipimo kile cha damu. Kahawa haiongezi mwendo huo, wala maji baridi, wala supu. Basi aliyelala saa sita ya usiku akiwa na miligramu 160, saa kumi na moja alfajiri angali na 85 hivi. Amenawa uso, amevaa shati safi, abiria wanapanda. Naye bado amevuka mpaka wa sheria. Dereva aliye na safari alfajiri asinywe usiku ule.

Tumefika penye ugumu. Huku kwetu kumnyima mgeni kikombe ni kumdharau, na mgeni akikataa humwaibisha mwenye nyumba. Kwa hiyo kijana aliyekuja harusini na pikipiki hunywa, pengine hakutaka, kwa kuwa baba mdogo amemkabidhi kikombe mbele ya watu. Hapo yuko wapi mwenye ng'ombe? Twaona kwamba ni wengi. Yuko dereva mwenyewe; yuko mwenye gari ajuaye tabia ya dereva wake akanyamaza; na yuko baba mdogo. Sheria ya serikali pengine itamshika mmoja tu, lakini Mungu aona mikono yote iliyopokezana kikombe.

Basi, akina baba, ninyi ndio mnaoweza kuibadili desturi hii bila kuivunja. Heshima ya mgeni ni kumkaribisha, na chai au togwa yaweza kumkaribisha vilevile. Yeye ajaye kwa chombo cha moto aulizwe mapema, "Mwanangu, waendesha leo?" Akijibu ndiyo, apewe kinywaji kisicholevya mbele ya wote, ili asione haya. Na yule aliyekwisha kunywa, mzee mmoja achukue ufunguo wake na kumtandikia mkeka. Atakasirika usiku, asubuhi atashukuru. Nanyi akina mama, mkiona dereva anapepesuka, msipande. Nauli iliyopotea hupatikana tena.

Torati iliagiza pia kwamba ajengaye nyumba mpya aweke ukuta mdogo kuzunguka dari yake, asije mtu akaanguka na damu ikawa juu ya nyumba ile. Ukuta ule hujengwa kabla ya mtu kuanguka. Msimu wa ulanzi na wa harusi hurudi kila mwaka. Nasi tuujenge ukuta wetu mapema, nyumba kwa nyumba.

Mungu awalinde njiani. Wasalaam.