Koaksia ya Jukwaani na ya Sebuleni: Usianze na Wati

Anayenunua spika kwa kawaida huuliza kwanza ina wati ngapi. Kwa spika ya koaksia, swali hilo lisubiri zamu yake. La kuanza nalo ni hili: msikilizaji akisogea, sauti itabaki ileile? Koaksia iliundwa ili kulijibu swali hilo. Ikishindwa, hakuna sababu ya kuilipia bei ambayo mara nyingi huipita ya spika ya besi ya ukubwa uleule.

Koaksia ni spika mbili zenye kitovu kimoja: koni kubwa ya besi na sauti za kati, na twita katikati yake. Wengi wanaifahamu kutoka kwenye milango ya magari, ambako twita ndogo hukaa juu ya kidaraja mbele ya koni. Ya jukwaani ni ya jamii nyingine. Yuniti ya honi, inayoshika nafasi ya twita, hufungwa nyuma ya sumaku, na sauti yake hupita kwenye tundu la katikati ya sumaku hiyo mpaka mbele.

Faida yake huonekana ukiilinganisha na monita ya kawaida iliyolazwa mbele ya mwimbaji: spika ya inchi 12 upande mmoja, honi upande wa pili, vitovu vyake vikiachana kwa sentimita 25. Krosova inagawa kazi kwenye hezi 2,000, na karibu na hapo spika na honi hutoa sauti ileile kwa wakati mmoja. Mwimbaji akiwa katikati, meta 1.5 kutoka kwenye boksi, mawimbi ya pande zote mbili humfikia pamoja. Akisogea kando kwa nusu meta na kidogo, anakuwa kwenye pembe ya nyuzi 20, na sauti ya upande mmoja inasafiri karibu sentimita 8.6 zaidi ya ile ya upande wa pili. Kwa kuwa sauti huenda takriban meta 345 kwa sekunde, wimbi la hezi 2,000 lina urefu wa sentimita 17 hivi. Tofauti ile basi ni nusu ya wimbi: moja linasukuma hewa wakati jingine linaivuta, na yote mawili yanafutana.

Shimo hilo limekaa pabaya, kwa sababu eneo hilo la sauti ndilo linalobeba konsonanti nyingi. Mwimbaji hasikii maneno yake, anamwashiria fundi mitambo aongeze, na fundi anaongeza. Akirudi katikati, pasipo na shimo, maiki inapiga mluzi. Kwenye bendi ya dansi, ambako safu ya mbele huimba huku ikicheza, hali hii hujirudia usiku kucha, na lawama humwangukia fundi. Koaksia huiondoa tofauti hiyo ya njia kushoto, kulia, juu na chini, kwa kuwa sauti zote hutoka sehemu moja.

Ziko namna tatu kuu za kuijenga, na kila moja ina historia yake. Altec Lansing ya Marekani, kwa spika yake ya 604 ya inchi 15 ya miaka ya 1940, iliweka honi ndogo inayojitegemea katikati ya koni. Tannoy ya Uingereza ilitoa Dual Concentric mwaka 1947, na humo koni yenyewe ndiyo inayoendeleza mdomo wa honi. KEF, nayo ya Uingereza, ilileta Uni-Q mwaka 1988: sumaku ndogo yenye nguvu ya neodimi iliwezesha twita kukaa kwenye shina la koni. Koaksia nyingi za jukwaani leo, kama zile za B&C na FaitalPRO za Italia au Beyma ya Hispania, zimefuata mojawapo ya njia mbili za kwanza.

Unapochagua ya jukwaani, tazama kwanza pembe ya mtawanyo. Pembe pana humfaa mwimbaji anayetembea. Pembe finyu huzuia sauti isimwagikie maiki za jirani. Kisha angalia yuniti inaanza kazi hezi ngapi. Yenye diafragma kubwa huweza kuanza chini zaidi, na hivyo huipunguzia koni kazi katika sauti za kati, ambako koni kubwa huanza kubana mtawanyo wake. Baada ya hapo ndipo zije wati, na ziwe wati za kudumu, maana za kilele ni za muda mfupi mno. Koili ya shaba ikipanda joto kwa nyuzi 250, ukinzani wake hukaribia kuwa maradufu, na amplifaya ileile huipa nusu tu ya nguvu. Koili pana na sumaku inayopitisha hewa vizuri huchelewesha hali hiyo.

Sebuleni mizani hubadilika. Spika ya jukwaani hufikia desibeli 97 kwa wati 1 kwa umbali wa meta 1. KEF LS50, boksi dogo la nyumbani la mwaka 2012 lenye koaksia ya Uni-Q, hutoa desibeli 85. Tofauti ya desibeli 12 maana yake ni kwamba LS50 huhitaji nguvu mara 16 ili kufikia kiwango kilekile. Hapo spika ya jukwaani inavutia, hasa kwa mwenye amplifaya ndogo. Lakini ufanisi huo hukuza pia mchirizo wa amplifaya, na anayekaa meta 2 kutoka kwenye boksi atausikia mchirizo huo wimbo unaponyamaza. Zaidi ya hayo, spika hizi nyingi hazishuki chini sana kwenye boksi dogo. Kwa chumba cha kawaida chagua ya inchi 6 au 8, na kazi ya besi ya chini uiachie sabufa.

Sabufa ina faida nyingine hapa. Koni inapokuwa ndiyo mdomo wa honi, kila inapokwenda mbele na nyuma kwa nguvu huitikisa sauti ya juu inayopita ndani yake. Ukikata besi ya koaksia kwenye hezi 80 hadi 100, jukwaani au nyumbani, koni hutulia na maneno husikika wazi zaidi.

Baada ya kununua, kazi kubwa ipo kwenye krosova. Yuniti mara nyingi huzidi koni kwa ufanisi. Ikizidi kwa desibeli 9, inahitaji moja ya nane tu ya nguvu. Tena, kwa kuwa imefungwa nyuma, sauti yake huchelewa. Sentimita 7 ni sawa na milisekunde 0.2, na kwenye hezi 1,500 hiyo ni karibu theluthi ya wimbi. Prosesa ya dijitali hulimaliza tatizo hilo kwa kuichelewesha koni kwa kiasi hichohicho. Ili kuthibitisha, weka maiki ya kupimia mbele ya boksi na ugeuze nyaya za yuniti kwa muda. Mchoro ukionyesha shimo refu pale krosova inapogawa kazi, mpangilio ni sahihi, zirudishe nyaya. Shimo likiwa hafifu, ucheleweshaji bado haujakaa sawa.

Jaribio la mwisho halihitaji chombo. Cheza sauti ya mtangazaji kwenye boksi moja, kisha tembea polepole kutoka upande mmoja hadi mwingine, uiname na uinuke. Sauti yake ikibadilika rangi ghafla, kuna kosa kwenye honi au kwenye krosova, hata kama karatasi ya kiwandani inasifu wati 500. Kwa hiyo fedha zikiwa haba, punguza inchi na wati, lakini usiibanie krosova. Koaksia ya inchi 8 iliyopangwa vizuri itamsaidia mwimbaji na msikilizaji wa nyumbani kuliko ya inchi 15 iliyofungiwa krosova yoyote iliyopatikana dukani.