Kisu cha Kukunja cha Mchungaji: Kipi Ununue na Kitunzwe Vipi



Anayetoka na ng'ombe asubuhi, awe Rulenge, Kabanga, Nyakahura au Nyakanazi, hubeba fimbo, maji na kisu. Fimbo huchagua kwa makini. Kisu hununua chochote alichokikuta mnadani, kisha siku ndama amejinyonga kwa kamba, kisu hakikati, au kinajikunja chenyewe na kumkata vidole. Kabla ya kutoa fedha, fikiria kwanza kazi utakayokifanyia: kukata kamba, kuondoa mwiba kwenye kwato, kukata kitovu cha ndama, kuchuna ngozi.

Majina yanayojulikana zaidi ni matatu. Okapi ndicho cha zamani zaidi kwetu. Kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya kuuzwa katika makoloni yao ya Afrika, na siku hizi kinatengenezwa Afrika Kusini. Kina mpini wa mti na pete ndogo mgongoni. Usipoivuta pete, bapa halirudi. Chuma chake ni cha kaboni. Opinel ni cha Wafaransa, tangu 1890. Nacho kina mpini wa mti, na shingoni kina bangili ya chuma unayoizungusha ili bapa lisijifunge. Kipo cha kaboni na kipo cha chuma kisichoshika kutu. Hicho cha pili kimeandikwa "Inox" kwenye bapa. Victorinox ni cha Uswisi, kampuni iliyoanza mwaka 1884. Hakishiki kutu, mpini wake ni wa plastiki na kina vifaa vingi, lakini vile vidogo vingi havina kizuizi cha bapa. Ni kisu kizuri cha kumenyea chungwa. Kumpa kijana akachokolee mwiba kwenye kwato ya dume linalorusha teke, mimi sikubali.

Zaidi ya hivyo kuna visu vya bei nafuu visivyo na jina, au vyenye jina la kuigwa. Usikatae kisu kwa sababu hiyo tu, na usikubali kisu kwa sababu ya nembo tu. Kijaribu. Kifungue, funga kizuizi, kisha gandamiza mgongo wa bapa kwenye ubao huku vidole vikiwa mbali na njia ya makali. Kikijikunja, mrudishie muuzaji. Lisukume bapa kushoto na kulia. Likicheza kikiwa kipya, baada ya mwezi litatikisika kama jino bovu. Kuhusu aina ya chuma, sumaku haitakusaidia, maana hunasa kwenye chuma cha kaboni na pia kwenye visu vingi visivyoshika kutu. Ukishakinunua, tone la ndimu litakuonyesha: likiacha doa jeusi baada ya dakika chache, ni cha kaboni.

Kipi ni bora? Cha kaboni hunoleka haraka kwa jiwe la kawaida la mtoni, lakini damu na mvua hukipa kutu usiku mmoja. Kisichoshika kutu huvumilia uchafu, ila kinahitaji jiwe zuri na subira. Kwa mchungaji anayeshinda porini ningechagua cha kaboni chenye kizuizi, akikifuta kila jioni na kukipaka mafuta kidogo ya kupikia. Kwa kisu cha kukatia vitovu na kazi za dawa, nunua kingine, kisichoshika kutu na chenye mpini wa plastiki, kwa sababu hicho kitachemshwa. Mpini wa mti ukichemshwa huvimba, bapa likakwama, kisha mti hupasuka.

Hapo kwenye kuchemsha ndipo tunapokosea sana. Kisu chenye damu hubeba ugonjwa. Ndigana baridi, ambayo wengi tunajua kuwa huletwa na kupe, huenezwa pia na kisu kilichomkata pembe mnyama mmoja kikaenda kwa mwingine bila kusafishwa. Osha kwa maji na sabuni mpaka damu yote itoke, ndani ya mkunjo pia, kisha chemsha dakika 20. Usikiweke kwenye makaa mpaka kiwe chekundu. Moto huo huua vijidudu, lakini huua na ugumu wa chuma, na baada ya hapo hakitashika makali hata ukinoa kutwa nzima.

Kuna kazi moja ambayo hakuna kisu kinachofaa. Mnyama akifa ghafla, tumbo likavimba haraka, na damu nyeusi isiyoganda ikatoka puani, mdomoni au njia ya haja kubwa, acha kisu mfukoni. Usimchune, usigawe nyama, hata kama alikuwa mzima jana. Huenda ni kimeta. Ukimpasua, vimelea vinakutana na hewa na kujenga ganda gumu linalodumu ardhini miaka mingi, na malisho hayo yataua ng'ombe wa wanao. Wazuie mbwa, weka mtu wa kulinda, mwite afisa mifugo wa kata.

Kama umeshapasua kabla ya kujua, usikioshe kisu hicho mtoni wala kurudi nacho nyumbani, na usidhani kukichemsha kama kawaida kunatosha. Kiache hapo hapo kando ya mzoga mpaka afisa mifugo aseme kifanyiwe nini. Nawa mikono kwa sabuni na maji mengi. Ukiona upele unaogeuka kidonda cheusi kisichouma, kwako au kwa yeyote aliyeshika nyama ile, nendeni hospitali siku hiyo hiyo na mumwambie daktari kwamba mlichuna mnyama aliyekufa.