Nani Amefungwa Shuleni?

Karatasi ilikuwa nzuri. Rangi mbili zilizotulia, picha ya mwanafunzi ameinamia hadubini, nembo kwenye kona, na kichwa cha habari kwa herufi nene: "Dhamana ya Shule: Kura ni Novemba." Mama mmoja wa Uvira, aliyepitia kambi ya Nyarugusu kabla ya kuletwa Marekani, aliikuta kwenye begi la mwanawe. Kesho yake alikuja nayo ofisini kwa karani, akaniona nimesimama na kamera na sura ya kwao, akanisogelea na kuniuliza kwa sauti ya chini: "Kaka, ni nani amefungwa hapa ku masomo?"

Hakuna aliyefungwa. Wilaya ya shule ilikuwa inawaomba wakazi ruhusa ya kukopa pesa, ikarabati mapaa na kujenga maabara. Mfasiri alikutana na neno la Kiingereza, *bond*, lenye maana mbili, akashika ile ya mahakamani na kuiacha ile ya benki. Jasho la msanifu, la mpiga picha na la mpiga chapa likaishia kwa mama aliyelala na wasiwasi kwamba kuna mtoto yuko polisi.

Kutengeneza video, machapisho na ujumbe wa wilaya za shule za umma ndiyo kazi inayoniweka mjini. Ndugu zangu wakiniuliza ni kazi gani hiyo, naanzia kwa yule mama. Wengi wanadhani ni kuipamba shule ipendeze. Kupendeza kumo, lakini hakulipi gharama. Kazi yenyewe ni kumfikisha mzazi na mlipa kodi mahali ambapo anaweza kuamua, kwa akili zake na kwa lugha yake.

Wilaya isiyo na mkuu wa wilaya

Neno "wilaya" nalo linapoteza watu. Mtanzania akilisikia anamwona mkuu wa wilaya aliyeteuliwa na Rais, mwenye usalama, afya, kilimo na shule chini ya jicho lake. Wilaya ya shule ya Marekani ni serikali ndogo yenye shughuli moja tu: kuendesha shule. Nchi nzima ina wilaya kama 13,000. Hawaii ina moja kwa jimbo zima, Texas ina zaidi ya 1,000, na mara nyingi mipaka yake haifuati ya mji wala ya kaunti. Kwa kawaida wakazi huchagua bodi ya elimu, na bodi humwajiri msimamizi mkuu, ambaye ikimchoka humwondoa.

Pesa za kuendeshea shule hutoka kwa jimbo na kwa kodi ya ardhi na majengo ya eneo lenyewe. Serikali kuu ya Washington huchangia fungu dogo. Ikifika zamu ya kujenga, katika majimbo mengi wilaya haiwezi kukopa mamilioni hivi hivi. Lazima iwaendee wapiga kura. Na hapo bibi mstaafu asiye na mjukuu hata mmoja shuleni ana kura sawa na baba wa watoto wanne. Bibi huyo hahudhurii vikao vya wazazi wala begi la mtoto haliingii kwake. Anachokijua kuhusu shule ni bili ya kodi.

Kuna shinikizo jingine. Katika majimbo mengi fedha za jimbo huhesabiwa kwa idadi ya wanafunzi, na mzazi ana pengine pa kwenda: shule za mkataba (*charter schools*), shule za binafsi, au wilaya jirani. Watoto wakipungua, bajeti inapungua nao. Ndiyo maana fani hii ni ya siku nyingi. Chama cha kitaifa cha wataalamu wa mawasiliano ya shule, NSPRA, kilianzishwa mwaka 1935, televisheni ikiwa bado haijaingia sebuleni mwa watu.

Wilaya kubwa ina idara nzima ya mawasiliano. Ndogo ina mtu mmoja, na mara nyingi mtu huyo ndiye pia anayepokea simu na kuandaa mahafali. Hapo ndipo tunapoingia sisi wa nje. Wilaya hutangaza zabuni, kampuni huleta mapendekezo na bei, na bodi hupitisha mkataba katika kikao cha hadhara. Kwa kuwa ni pesa za umma, jirani yeyote anaweza kuomba kuuona mkataba huo, na wapo wanaoomba. Ukiweka bei ya droni kwenye ankara, uwe tayari kueleza droni ilifuata nini juu.

Kueleza si kushawishi

Sasa tufike penye miiba. Wilaya ikiitisha kura ya mkopo, inaruhusiwa kuwaeleza watu. Kuwaambia wapige kura gani hairuhusiwi. Huko California msingi wa jambo hili uliwekwa na Mahakama ya Juu ya jimbo mwaka 1976, katika kesi ya Stanson dhidi ya Mott. Kesi haikuhusu shule. Ilihusu pesa za umma zilizodaiwa kutumika kupigia debe mkopo wa bustani na mapumziko mwaka 1974. Mahakama ikasema hazina ya umma haiwezi kufadhili upande mmoja wa uchaguzi, na kwamba panapokuwa na utata utazamwe mtindo wa chapisho, sauti yake na wakati lilipotolewa. Texas nayo ina sheria inayokataza wilaya kutumia fedha zake kupigia kampeni kura ya namna hii.

Maneno hayo matatu, mtindo, sauti na wakati, ndiyo yanayokaa nami kwenye chumba cha kuhariri. Chukua mfano. Sentensi ya kwanza: "Paa la shule hii lina miaka 50, na fundi amekuta uvujaji katika vyumba sita." Ya pili: "Watoto wetu wanastahili shule isiyovuja, tusiwaangushe." Ya kwanza inaeleza. Ya pili imeshavaa fulana ya kampeni, ingawa haijataja kura. Sasa ichukue ile ya kwanza, iwekee kinanda cha huzuni, mpunguzie kasi mtoto anayepita na ndoo ya maji, kisha uirushe siku tano kabla ya uchaguzi. Hujabadilisha neno hata moja, lakini umevuka mstari. Mimi video za kura naziacha bila muziki kabisa, au naweka mdundo usio na upande. Wananchi wanaounga mkono wana haki ya kuunda kamati yao na kuchangishana mabango yao. Shilingi ya wilaya isiingie humo.

Na mambo ya kueleza hayakosekani. California, kwa miaka mingi, ilidai theluthi mbili ya kura ili mkopo wa shule upite. Mwaka 2000 wapiga kura walipitisha Pendekezo la 39, linaloruhusu mkopo upite kwa asilimia 55, kwa masharti: miradi iorodheshwe mapema, na iundwe kamati ya wananchi ya kuangalia matumizi. Texas ilikwenda njia nyingine. Tangu sheria ya 2019, karatasi ya kura ya mkopo wa shule lazima iseme wazi kwamba hilo ni ongezeko la kodi ya mali, hata pale ambapo wilaya inakadiria kwamba kiwango cha kodi hakitapanda. Mpiga kura anaisoma sentensi hiyo akiwa peke yake ndani ya kibanda. Kama hakuelezwa kabla, hapo hakuna wa kumweleza.

Sekunde tisini

Video ya sekunde 90 huchukua wiki kadhaa. Siku ya kupiga picha ndiyo fupi kuliko zote. Kwanza naomba ripoti ya wahandisi, naisoma yote, halafu natafuta mtu anayeishi na tatizo. Mara chache huyo huwa msimamizi mkuu mwenye tai. Mara nyingi ni fundi wa boila, au mpishi anayejua ni soketi ipi ikichomekwa jiko friji linazima.

Siku yenyewe, adui ni sauti. Shule ina kengele, ina feni za hewa zinazonguruma dari nzima, ina ukumbi wa mazoezi unaorudisha kila neno mara tatu. Namtafutia fundi wangu chumba cha maktaba chenye zulia, nambania maiki ndogo kwenye ukosi, nazima friji la walimu, na funguo za gari langu naziacha ndani ya friji hilo ili nisiondoke bila kuliwasha tena. Simpi maneno ya kukariri. Namwambia, "Nieleze kama unavyomweleza mgeni wa zamu." Anaanza kwa kujiumauma, halafu anasahau kamera, na sekunde kumi na mbili za hapo ndizo video nzima.

Mfukoni nina karatasi muhimu kuliko kamera: orodha ya watoto wasiopigwa picha. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1974, inayoitwa FERPA, inalinda kumbukumbu za wanafunzi na inampa mzazi nafasi ya kukataa taarifa za jumla za mwanawe zisitolewe. Wilaya nyingi huweka picha katika kundi hilo. Huenda mzazi amemkimbia mume mkatili, huenda hapendi tu. Hatuulizi. Mwalimu ananionyesha kwa macho, nami nahamisha kamera upande wa pili wa darasa bila mtoto kujua kwamba amerukwa.

Rangi ya basi

Kuhusu usanifu, mfano wangu ni wa zamani. Aprili 1939, profesa Frank Cyr wa Teachers College, Columbia University, aliita New York maofisa wa elimu wa majimbo, watengenezaji wa mabasi na wataalamu wa rangi. Wakati huo kila wilaya ilisafirisha watoto kwa chombo ilichokipata. Vipande vya rangi vilibandikwa ukutani, kuanzia njano ya ndimu hadi chungwa iliyokolea, na wajumbe wakachagua ile njano tunayoijua leo, kwa sababu herufi nyeusi juu yake zinasomeka hata alfajiri na magharibi, giza likiwa halijaamua. Hakuna aliyeuliza kama inapendeza. Swali lilikuwa: dereva anayekuja ataiona?

Swali hilo hilo ndilo la kila chapisho la shule. Wilaya yenye shule 20 inaweza kuwa na nembo 20, kila moja na simba wake, na mzazi mwenye watoto watatu katika shule tatu akapata ujumbe unaofanana na wa watu watatu wasiojuana. Tunaandika mwongozo wa nembo, rangi na herufi ili mzazi akiona tu ajue: hii ni ya shule, si ya matapeli. Na kuonekana kuna vipimo. Aprili 2024 Wizara ya Sheria ya Marekani ilitoa kanuni, chini ya sheria ya haki za watu wenye ulemavu, inayozitaka tovuti na programu za simu za taasisi za umma zifuate kiwango cha WCAG 2.1 AA. Kwa lugha ya fundi: video iwe na maandishi yanayofuata maneno kwa usahihi, picha ziwe na maelezo kwa msomaji asiyeona, na maandishi ya kawaida yatofautiane na mandharinyuma kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1. Kijivu juu ya kijivu, kinachopendwa sana na wasanifu vijana, hakipiti hapo.

Saa nane ya nani?

Nimerudi kwenye lugha, maana ndiko makosa yanakoumiza. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 inakataza taasisi inayopokea fedha za serikali kuu kubagua watu kwa asili yao ya taifa. Mei 1970 serikali kuu iliziandikia wilaya kwamba taarifa wanazopewa wazazi wengine lazima ziwafikie ipasavyo na wazazi wa makundi madogo yenye asili ya mataifa mengine, na kwamba huenda ikabidi zitolewe kwa lugha isiyo Kiingereza. Mwaka 1974, katika kesi ya Lau dhidi ya Nichols iliyohusu watoto wa Kichina wa San Francisco, Mahakama ya Juu ya Marekani ilikubaliana kwamba kumfundisha mtoto kwa lugha asiyoielewa, bila msaada, ni kumnyima elimu.

Basi wilaya zinatafsiri, na katika miji walikohamia Wakongo wengi, kama Louisville na Des Moines, Kiswahili kimo. Lakini kipi? Mzazi wa Bukavu anamfahamu *préfet* wa sekondari, wa Morogoro anamfahamu mkuu wa shule. Ukiandika "mkutano ni saa 8 asubuhi", mtu wa Tanga anashangaa, maana saa 8 kwake watu wameshakula chakula cha mchana, na aliyesoma kwa Kifaransa anaelewa sawasawa. Siku hizi naandika 8:00 AM, nafuatisha "saa 2 asubuhi", na pembeni nachora saa yenye mishale. Mishale haina lahaja.

Ile karatasi ya dhamana tuliiandika upya. Hata "hatifungani" hatukuitumia, ingawa ndilo neno sanifu, kwa kuwa wanaolijua ni watu wa soko la hisa. Tuliandika: "Shule inaomba ruhusa ya kukopa pesa za kujenga. Mkopo utalipwa kwa kodi ya nyumba na ardhi. Raia waliojiandikisha ndio watakaopiga kura." Nikampelekea yule mama kabla haijachapwa. Aliisoma mara mbili, kidole kikifuata mstari.

"Sasa nimeelewa," akasema. "Lakini kaka, mimi nyumba ninapanga. Mwenye nyumba akiongezewa kodi, si ataniongezea mimi?"

Ripoti ya wahandisi haikuwa na jibu, wala skripti yangu. Nilimpigia simu mhasibu wa wilaya, na karatasi ikachelewa siku mbili kwenda kwa mpiga chapa.