Kuzimwa, Kujizima na Kuzimika: Uchunguzi wa Kompyuta ya Mezani Inayokata Kazi Ghafla

Ikisiri

Makala hii inaeleza namna ya kuchunguza kompyuta ya mezani inayokata kazi bila kutarajiwa. Hoja yake kuu ni kwamba malalamiko ya "kompyuta inajizima" hubeba ndani yake matukio matatu yaliyo tofauti, na kwamba Kiswahili kina vitenzi vya kuyatenganisha: kuzimwa, kujizima na kuzimika. Kila tukio huacha ushahidi wake, na sehemu kubwa ya ushahidi huo hupatikana kabla ya kufungua kasha au kununua kipuri. Makala inaonesha ushahidi huo, inapendekeza utaratibu wa majaribio, na inahitimisha kwa kueleza ni lini mchunguzi ana haki ya kusema kwamba hitilafu imekwisha.

1.0 Utangulizi

Kompyuta ya mtafiti huhifadhi kazi ambayo aghalabu haiwezi kufanywa upya: unukuzi wa mahojiano, majedwali ya data, na sura za tasnifu ambazo bado hazijamfikia msimamizi. Mashine inapokata kazi ghafla, maandishi ambayo hayajahifadhiwa hupotea, na faili iliyokuwa ikiandikwa kwenye diski wakati huohuo inaweza kuharibika. Madhara hayaishii hapo. Mwenye kompyuta huambiwa anunue pawasaplai mpya, kisha kumbukumbu ya RAM, kisha ubaomama, na baada ya gharama zote hizo mashine huendelea kukata kazi kama mwanzo.

Chanzo cha hasara hiyo ni kuanza na tiba kabla ya utambuzi. Dalili moja, yaani kioo kuwa cheusi ghafla, huweza kutokana na amri ya programu, joto la prosesa, au waya uliolegea ukutani. Hivyo basi, swali la kwanza linalopaswa kuulizwa ni hili: je, kompyuta ilizimwa, ilijizima, au ilizimika?

2.0 Vitenzi vitatu, matukio matatu

Vitenzi hivi vina mzizi mmoja, lakini vinatofautiana katika namna vinavyomweka mtenda. Kauli ya kutendwa, yaani kuzimwa, hudokeza kuwapo kwa mtenda hata asipotajwa. Kirejeshi -ji- katika kujizima humfanya mtenda na mtendwa kuwa kitu kimoja. Kauli ya kutendeka, yaani kuzimika, hueleza hali iliyofikiwa pasipo kumtaja mtenda yeyote. Katika mazungumzo ya kila siku mipaka hii hulegea, na watu wengi husema "imejizima" kwa yote matatu. Katika makala hii mipaka hiyo inashikiliwa kwa makusudi, kwa kuwa inalingana na namna mashine yenyewe inavyofanya kazi.

Kompyuta huzimwa pale mfumo endeshi unapopokea amri halali ya kufunga kazi, iwe imetoka kwa mtu, kwa programu au kwa kitufe. Hujizima pale mlinzi aliyomo ndani yake anapoamua kusitisha kazi ili kuepusha madhara makubwa zaidi. Mlinzi huyo anaweza kuwa prosesa iliyopata joto kupita kiasi, pawasaplai iliyogundua mkondo wa umeme usio salama, au mfumo endeshi uliokutana na kosa usiloweza kulivuka. Huzimika pale umeme unapokosekana kabla ya sehemu yoyote kupata nafasi ya kuamua jambo.

3.0 Ushahidi kabla ya bisibisi

Hatua ya kwanza ya uchunguzi ni kunakili data muhimu kwenye kifaa kingine. Majaribio yanayofuata yanaweza kuifanya mashine ikate kazi mara nyingi zaidi, na si busara kuhatarisha kile ambacho uchunguzi wenyewe unakusudia kukilinda.

Hatua ya pili ni kusoma kumbukumbu za matukio. Katika Windows, kumbukumbu hizo husomwa kwa programu ya Event Viewer, katika sehemu ya mfumo. Tukio namba 1074 huonesha kwamba kuna programu au mtumiaji aliyeamuru kompyuta izimwe au iwashwe upya, na humtaja. Tukio namba 6006 huandikwa wakati wa kuzima kwa utaratibu. Tukio namba 6008 husema kwamba kuzima kulikotangulia hakukutarajiwa, na tukio namba 41 la Kernel-Power huandikwa mashine inapowashwa tena bila kuwa imefungwa ipasavyo. Katika Linux, amri ya journalctl -b -1 huonesha mistari ya kipindi kilichotangulia, iwapo mfumo umewekwa uihifadhi. Mistari ya kufunga huduma moja baada ya nyingine huashiria kuzimwa, ilhali mistari inayokatika katikati ya kazi huashiria mojawapo ya aina mbili zilizobaki.

Tukio namba 41 husomwa vibaya mara nyingi. Halitaji chanzo, linathibitisha tu kwamba mfumo haukuaga. Ndani yake, hata hivyo, mna sehemu ya BugcheckCode. Ikiwa thamani yake si sifuri, mfumo endeshi ulisimama kwa kosa lililosajiliwa. Ikiwa ni sifuri, hakuna kosa la namna hiyo lililoandikwa, na mchunguzi aelekeze macho kwenye umeme, joto au kitufe.

Hatua ya tatu ni kuandika daftari la matukio: saa, muda uliopita tangu kuwashwa, kazi iliyokuwa ikifanyika, na vifaa vingine vilivyokuwa vikitumia umeme huohuo. Iwapo saa ya kompyuta hurudi nyuma kila inapochomolewa, betri ndogo ya ubaomama, kwa kawaida ya aina ya CR2032 yenye volti 3, huenda imekwisha. Katika hali hiyo, saa zilizomo katika kumbukumbu za mfumo zisiaminiwe mpaka betri ibadilishwe.

4.0 Kuchunguza kila aina

4.1 Kompyuta inayozimwa

Tukio namba 1074 likionekana, hakuna sababu ya kununua kipuri. Mchunguzi afuate jina la programu iliyotajwa. Inaweza kuwa programu ya masasisho, ratiba iliyowekwa na msimamizi wa mtandao, au programu ya UPS inayoamuru kompyuta izimwe kwa kudhani kuwa betri inakwisha. Aidha, achunguze kama mashine huzimwa kweli au hulala tu kwa sababu ya mipangilio ya kuokoa umeme.

Kitufe cha kuwashia kinahitaji tahadhari, kwa kuwa kinaweza kutoa ushahidi wa aina mbili. Kikibonyezwa kwa muda mfupi, hutuma amri ya kawaida. Kikishikiliwa kwa takriban sekunde 4, hukata kazi kwa nguvu, na kumbukumbu hufanana na za umeme uliokatika. Kitufe kinachonasa ndani ya kasha kinaweza kufanya lolote kati ya hayo. Jaribio lake ni jepesi: mashine ikishawaka, waya wa kitufe uchomolewe kwenye ubaomama, kisha mashine iachwe ifanye kazi.

4.2 Kompyuta inayojizima

Joto ndilo chanzo kinachotajwa zaidi, na lina saini yake. Kompyuta iliyokata kazi kwa joto, ikiwashwa papo hapo, hudumu muda mfupi kuliko mara ya kwanza; ikipumzishwa nusu saa, hudumu muda mrefu zaidi. Prosesa nyingi za kisasa huanza kwa kupunguza kasi zinapokaribia kikomo, ambacho kwa nyingi za Intel ni karibu nyuzi 100 za Selsiasi. Joto likiendelea kupanda, hukata umeme wake. Kwa hiyo kompyuta inayopungua kasi kabla ya kukata kazi huelekeza kwenye feni iliyokwama, vumbi lililoziba bamba la kupozea, au pesti ya kupitisha joto iliyokauka. Vumbi lipulizwe huku feni imeshikwa isizunguke, na pesti ya zamani ifutwe kabla ya kupaka mpya.

Pawasaplai nayo ina walinzi wake dhidi ya mkondo uliozidi, volti iliyozidi na shoti. Inapojikinga, mara nyingi kitufe cha kuwashia hakiitikii mpaka swichi ya ukutani izimwe kwa muda na kuwashwa tena. Dalili hiyo ikionekana, vifaa vichomolewe kimoja kimoja, kuanzia vile vya nje kama vile flashi, ili kubaini kinachosababisha shoti.

Mfumo endeshi unaposimama kwa kosa, kipengele cha kujiwasha upya kizimwe ili ujumbe wa kosa ubaki kwenye kioo usomwe. Hapa ndipo vijiti vya RAM na draiva hushukiwa. Vijiti vijaribiwe kimoja kimoja, katika nafasi ileile ya ubaomama, ili kijiti na nafasi visichanganywe.

4.3 Kompyuta inayozimika

Umeme wa Tanzania na Kenya una mizunguko 50 kwa sekunde, yaani mzunguko mmoja huchukua milisekunde 20. Viwango vya ATX, vilivyotolewa na Intel kwa mara ya kwanza mwaka 1995 na kuendelezwa baadaye, huitaka pawasaplai ihimili ukosefu wa umeme kwa takriban milisekunde 16. Kwa hiyo mkatiko wa mzunguko mmoja tu, ambao jicho linaweza lisiuone kwenye taa, unaweza kutosha kuizimisha kompyuta. Kauli ya mtumiaji kwamba "umeme ulikuwapo" ni ya kweli, lakini haiondoi umeme katika orodha ya washukiwa.

Uchunguzi uanzie ukutani kuelekea ndani: soketi, ekstensheni, UPS, waya wa kompyuta, na mwisho pawasaplai. UPS yenye betri iliyochoka huonekana nzima mpaka siku inapohitajika. Kwenye pawasaplai, njia ya volti 12 inapaswa kubaki kati ya 11.40 na 12.60 mashine ikiwa na mzigo, na ile ya volti 5 kati ya 4.75 na 5.25. Hata hivyo, mita ya kawaida ya fundi haioni mshuko wa milisekunde chache. Kupima na kukuta volti sahihi hakutoshi kuisafisha pawasaplai. Jaribio lenye nguvu zaidi ni kuazima pawasaplai inayojulikana kuwa nzima. Kasha la pawasaplai lisifunguliwe na asiye fundi wa umeme: volti 230 za ukutani zikinyooshwa hufikia kilele cha takriban volti 325, na kapasita zake zinaweza kubaki na umeme huo hata baada ya waya kuchomolewa.

5.0 Mfano wa uchambuzi

Tuchukue mfano wa kubuni. Kompyuta ya ofisi ya idara katika mji wa pwani hukata kazi mchana tu. Maelezo yanayokuja haraka ni joto, kwa sababu mchana ni wakati wa joto. Daftari, hata hivyo, linaonesha kwamba mashine huwashwa papo hapo na kudumu saa mbili, jambo ambalo joto halielekei kuliruhusu. Kumbukumbu zinaonesha tukio namba 41 lenye sifuri, na hakuna namba 1074. Safu ya vifaa vingine ndiyo inayotoa mwanga: kila tukio linaambatana na kuanza kwa printa ya leza iliyo kwenye ekstensheni hiyohiyo. Printa ya aina hiyo huvuta mkondo mkubwa inapopasha joto rola yake, na volti ya ekstensheni dhaifu hushuka. Mchana ulikuwa wakati wa kuchapa nyaraka, na joto lilikuwapo tu kama shahidi asiyehusika.

Dhana hiyo hujaribiwa kwa kuhamisha printa peke yake kwenye soketi nyingine. Tatizo likikoma, printa irudishwe kwenye ekstensheni. Tatizo likirejea, uhusiano umethibitishwa. Linabaki swali moja: je, dhaifu ni ekstensheni au pawasaplai? Kompyuta nyingine ikiwekwa mahali pale pale na ikahimili kuanza kwa printa, pawasaplai ya kwanza ndiyo inayostahili kubadilishwa. Nayo ikizimika, ibadilishwe ekstensheni.

6.0 Hitimisho

Hitilafu isiyo na ratiba humdanganya mchunguzi kwa ukimya wake. Ikiwa kompyuta hukata kazi bila mpangilio kwa wastani wa mara moja kila siku 3, basi siku 3 za utulivu baada ya matengenezo zinaweza kutokea kwa bahati tu takriban mara 37 katika 100. Siku 9 za utulivu huipunguza bahati hiyo hadi takriban mara 5 katika 100. Kwa hiyo badiliko lifanywe moja kwa wakati mmoja, na mchunguzi asubiri angalau mara tatu ya wastani wa muda kati ya matukio kabla ya kutangaza kwamba tatizo limekwisha. Anayebadilisha pawasaplai, RAM na soketi kwa siku moja anaweza kuiponya mashine, lakini hatajua ni nini kilichoiponya, na atakuwa amemgharimu mwenye mashine vipuri ambavyo huenda havikuhitajika.

Mpangilio uliopendekezwa hapa hauhitaji vifaa vya gharama: nakala ya data, kumbukumbu za mfumo, daftari na subira vinatosha kuanzia. Unahitaji pia usahihi wa lugha. Fundi anayemuuliza mteja "ilizimwa, ilijizima au ilizimika?" atakuwa ameshaugawa uwanja wa uchunguzi katika sehemu tatu kabla hajashika bisibisi.